Kuhifadhi Sauti za Kwale: Skripti za Sheli na Upelekaji wa Faili kwenye Seva ya Mbali

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayevuka kivuko cha Likoni kwenda kurekodi ngano za Wadigo wa Msambweni, nyimbo za sengenya au Kivumba cha Wasini na Vanga hurejea na kitu kisichorekodika mara ya pili. Mtambaji akifariki, rekodi ndiyo inayobaki. Tarakilishi ikiibwa au diski yake ikiharibiwa na unyevu wa pwani, hakuna pa kurejelea. Makala haya yananuia kueleza jinsi ya kuiamuru tarakilishi ipeleke rekodi hizo kwenye seva iliyo mbali, kwa mfano seva ya chuo kikuu, kila usiku na bila kusimamiwa na mtu.

Uzito wa mzigo

Rekodi ya ubora wa diski ya CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwa biti 16 na njia mbili. Hizo ni baiti 176,400 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 635 kwa saa moja ya masimulizi. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009 na kuupanua mtandao wa Kenya, lakini kasi ya bandarini siyo lazima iwe kasi ya kijijini. Kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde, saa hiyo moja ya masimulizi huhitaji takriban dakika 85 kufika. Umeme ukikatika katika dakika ya 80, njia ya kawaida ya kunakili humlazimu mtafiti kuanza upya. Hii ndiyo sababu ya kuikabidhi tarakilishi kazi hii.

Sheli na skripti

Sheli ni programu inayopokea amri zilizoandikwa na kuzikabidhi kwa mfumo endeshi. Jina lake lina maana ya ganda, kwa kuwa huuzunguka moyo wa mfumo na mtumiaji huugusa moyo huo kupitia hilo ganda. Skripti ni faili la maandishi lenye amri za sheli zilizopangwa kwa mfuatano. Ufuatao ni mfano mfupi:

#!/bin/bash
CHANZO="$HOME/kwale/za-kutumwa/"
LENGO="mtafiti@seva:/hifadhi/kwale/"
if rsync -a --partial "$CHANZO" "$LENGO"
then
  echo "$(date): zimefika" >> "$HOME/kwale/daftari.txt"
else
  echo "$(date): hazikufika" >> "$HOME/kwale/daftari.txt"
fi

Kiini cha skripti hii ni rsync, programu iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Rsync hulinganisha kabrasha la hapa na la kule, kisha hupeleka kilichopungua tu. Alama ya -a huhifadhi tarehe na ruhusa za faili. Ile ya --partial huliacha kule faili lililofika nusu, ili safari inayofuata iendelee badala ya kuanza mwanzo. Amri ikifaulu, tawi la "then" huandika daftarini kwamba faili zimefika. Ikishindwa, tawi la "else" hukiri. Daftari hili lisidharauliwe, kwani mashine inayoshindwa kimyakimya humfanya mtu aamini anayo akiba ilhali hana.

Kufuli na ufunguo

Seva haifunguki ovyo. Rsync husafiri ndani ya SSH, itifaki iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Ufini mwaka 1995, ambayo husimba data yote njiani. Kwa kuwa saa za usiku hakuna mtu wa kuandika nywila, hutumiwa jozi ya funguo inayoundwa kwa amri ya ssh-keygen. Ule wa hadharani huwekwa kwenye seva, mfano wa kufuli iliyotundikwa mlangoni. Ule wa siri hubaki katika tarakilishi na haupewi mtu yeyote.

Saa ya tarakilishi na saa ya Mswahili

Skripti ikishapewa ruhusa ya kutekelezwa kwa chmod +x, hukabidhiwa cron, mlinzi wa ratiba katika mifumo ya jamii ya Unix:

0 2 * * * /home/mtafiti/kwale/peleka.sh

Tarakimu ya kwanza ni dakika na ya pili ni saa. Nyota huashiria kila siku, kila mwezi. Cron huhesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo 2 ni saa nane za usiku kwa hesabu ya Kiswahili. Atakayeandika 8 akikusudia saa nane za usiku ataiona kazi yake ikifanyika saa mbili asubuhi. Aidha, tarakilishi ikiwa imezimwa saa hiyo, cron haiirudii kazi iliyopita. Itasubiri usiku unaofuata.

Neno ni nini?

Suala hili la wanaisimu huibuka hata hapa. Kwa sheli, mpaka wa neno ni nafasi tupu. Faili liitwalo ngano ya sungura.wav huonekana kuwa maneno matatu lisipofungwa kwa alama za kunukuu. Hatari zaidi ni kibainishi cha ng'. Sheli huichukulia alama hiyo kuwa mwanzo wa nukuu, hivyo jina ng'ombe.wav lililoandikwa bila kufungwa huifanya isubiri nukuu ya pili isiyokuja. Ni vyema majina ya faili yawe mafupi, yasiyo na nafasi wala kibainishi, mfano msambweni-ngano-01.wav, na tahajia kamili iandikwe katika maelezo ya rekodi.

Mipaka ya mashine

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, chaguo la --delete hufuta kwenye seva kila kisichokuwepo kwenye chanzo. Anayefuta rekodi kimakosa mchana ataifutia na akiba yake usiku. Pili, skripti haijui adabu. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2008, na katika kaya kuna maneno ambayo wazee hawaruhusu yatoke. Mashine itatuma chochote kilichomo kabrashani. Kwa hiyo kabrasha la za-kutumwa lipokee tu rekodi ambazo wenyewe wameziridhia. Nyingine zikae pengine, chini ya masharti ya wazee.

Hitimisho

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulidhihirisha kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba teknolojia hii. Imebaki kwa wanafunzi wa Kiswahili kuitumia kuubeba urithi wao. Skripti ya mistari tisa haiwezi kumrefushia mtambaji uhai, lakini inaweza kuhakikisha kwamba alichokitamba jioni kimekwisha kufika mahali salama kabla ya alfajiri, na kwamba daftari linaloshuhudia hivyo husomwa kila asubuhi.