Anga la Kuchora Lisimdanganye Rubani

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima hulitazama wingu apate kujua kama aanike mtama wake au auanue. Mvuvi hulitazama kabla ya kuusukuma mtumbwi majini. Askari aliye lindoni hulitazama, akalisogeza karibu koti lake la mvua. Lakini hakuna alitazamaye wingu kwa haja kubwa kuliko rubani, kwa kuwa yeye hana mti wa kujikinga wala baraza ya kungojea. Akilikosea hesabu, hujikuta yumo ndani yake.

Siku hizi rubani huanza kuyasoma mawingu kabla hajaondoka ardhini. Huketi chumbani, ndani ya mashine iigayo ndege, ambayo wataalamu huiita simuleta. Mbele yake huonyeshwa kiwanja, milima, jua na mawingu, vyote vikiwa ni picha za kompyuta. Mashine za namna hiyo si mali ya majeshi na mashirika ya ndege peke yake. Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa programu ya urukaji kwa ajili ya kompyuta ndogo, iliyotungwa na Bruce Artwick wa Marekani, na tangu hapo vijana wengi duniani wameonja urubani wakiwa sebuleni kwao. Programu hizo huweza kubadilishiwa picha za anga na mawingu. Hapo ndipo lizukapo swali: zichaguliwe picha zipi? Zile zipendezazo macho, au zile zisemazo kweli?

SANDUKU LISILO NA ANGA

Simuleta ya kwanza kupata sifa kubwa haikuwa na anga hata kidogo. Ilibuniwa na Edwin Link, Mmarekani wa mji wa Binghamton, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda. Link alitwaa mivukuto iliyotumiwa katika vinanda, akaitumia kuinua na kuinamisha sanduku lenye umbo la ndege ndogo. Mashine hiyo ilikuwa tayari mwaka 1929. Mwanafunzi aliingia, akafunikwa kifuniko, akabaki gizani na vipimo vyake.

Watu wengi waliidhania kuwa ni mchezo wa watoto, nayo ikawekwa katika viwanja vya burudani. Kisha, mwaka 1934, jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege wakati wa baridi kali. Marubani wake walikuwa wamezoea kuruka mchana kweupe. Walipokutana na giza, theluji na ukungu, zaidi ya kumi walikufa katika muda wa majuma machache. Maofisa wakamwita Link. Siku ya miadi ukungu ulitanda juu ya Newark, nao walikuwa wamekwisha kata tamaa ya kumwona, mara wakaisikia ndege yake ikitua salama. Jeshi likanunua mashine sita. Katika Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa zaidi ya 10,000.

SIKIO HUMSALITI MTU

Yafaa kueleza kwa nini kutoona nje ni hatari kubwa hivyo. Ndani ya sikio la mwanadamu imo mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Mtu akigeuka, majimaji hayo huchelewa kidogo, na ubongo hupata habari kwamba mwili umegeuka. Lakini ndege ikizunguka polepole kwa mwendo ule ule kwa muda wa sekunde 20 hivi, majimaji huuafiki mzunguko huo, na rubani huhisi kwamba anakwenda sawasawa. Akiiweka ndege sawa, huhisi kwamba sasa ndiyo inayolala upande. Basi huirudisha kwenye makosa, huku moyo wake ukiwa umetulia kabisa.

Kinachomwokoa mtu mchana ni upeo wa macho, yaani ule mstari ambapo mbingu na nchi hukutana. Wingu likiufunika mstari huo, hubaki vipimo tu. Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima watu 20 wasiokuwa na mazoezi ya kuruka kwa vipimo, wakawazuia wasione nje. Wote 20 waliipoteza ndege mikononi. Aliyewahi kuipoteza alichukua sekunde 20, aliyekawia alichukua 480, na wastani ulikuwa sekunde 178, muda usiotimia dakika tatu. Habari njema ni kwamba baada ya kufundishwa kugeuka taratibu na kurudi walikotoka kwa kufuata vipimo, karibu majaribio yote yalifaulu.

Kwa hiyo, anga lililomo ndani ya simuleta si pambo la ukutani. Ndilo limfundishalo mwanafunzi kutambua, kabla mambo hayajaharibika, ni saa ngapi ya kugeuza.

WINGU HUTENGENEZWAJE?

Wingu la kompyuta halina hata tone la maji. Kwa miaka mingi lilikuwa ni picha iliyovikwa juu ya vipande bapa visivyoonekana, mfano wa kanga iliyotandikwa juu ya kiti. Mwaka 1985 mtaalamu aitwaye Geoffrey Gardner alionyesha jinsi ya kuunda mawingu kwa maumbo ya mviringo yaliyovikwa michoro ya hesabu. Katika toleo la mwaka 2003 la programu ya Microsoft, wingu moja liliundwa kwa vipande vingi vilivyopangwa pamoja, hata ndege ikaweza kupenya ndani yake. Toleo la mwaka 2020 lilikwenda mbele zaidi: mawingu yake huhesabiwa kama vitu vyenye unene, na habari za hali ya hewa huletwa na kampuni ya Meteoblue ya Uswisi.

Hata hivyo programu nyingi zingali zikitumia picha za kuvika, na picha hizo zina uzito. Picha moja yenye nukta 1,024 kwa 1,024, isipobanwa, huchukua megabaiti 4 za kumbukumbu ya kompyuta. Ile ya nukta 4,096 kwa 4,096 huchukua megabaiti 64, yaani mara 16. Mwenye kompyuta dhaifu akijaza picha kubwa kubwa, ndege yake itakwenda kwa kushtukashtuka, na mkono wake utajifunza vibaya. Ziko njia za kuibana picha hata ikabaki robo ya uzito wake. Njia hizo huyafaa mawingu yenye mikunjo mingi, lakini huliharibu anga tupu: rangi ya samawati ambayo ingefifia taratibu hukatika vipande vipande kama ngazi. Mwenye busara hubana mawingu, akaliacha anga bila kubanwa.

MIZANI YA KUCHAGULIA

Anayetaka kuchagua picha za kweli na azipime kwa mambo manne.

La kwanza ni rangi. Anga la kweli halina rangi moja. Juu ya utosi ni samawati iliyokolea, na kadiri jicho linavyoshuka hupauka, hata karibu na upeo wa macho likakaribia weupe, kwa sababu hapo mwanga umepita katika hewa nyingi zaidi. Ndege ikipanda mita 11,000, anga la juu yake huzidi kuwa jeusi. Picha yenye samawati ile ile toka juu hadi chini ni ya uongo, hata ikipendeza namna gani.

La pili ni utusitusi. Vumbi, moshi na mvuke huifanya milima ya mbali ififie. Rubani huukadiria umbali kwa kufifia huko. Simuleta ambayo kila kilima huonekana wazi kama kimeoshwa kwa sabuni humzoeza mwanafunzi kudhani kwamba ataona mbali siku zote.

La tatu ni kitako cha wingu. Mawingu ya mchana yaliyofumuka kama pamba huwa na vitako bapa, vyote katika kimo kimoja, kwa kuwa mvuke hugeuka matone mahali hewa ilipopoa vya kutosha. Hesabu yake ni nyepesi: chukua joto la hewa, toa kiwango cha joto ambapo umande huanza kufanyika, kisha zidisha kwa mita 125. Joto likiwa nyuzi 27 na kiwango cha umande nyuzi 19, tofauti ni 8, na kitako cha wingu kitakuwa karibu mita 1,000 juu ya ardhi. Picha zinazotapanya mawingu hayo ovyo ovyo, moja juu na jingine chini, hazijui kanuni hiyo.

La nne ni wingi. Watabiri wa hali ya hewa huligawa anga mafungu 8. Fungu 1 au 2 likifunikwa, mawingu ni machache. Mafungu 3 au 4, yametawanyika. Mafungu 5 hadi 7, yamezidi nafasi. Na yote 8, anga limefunga. Programu ikiambiwa kwamba mawingu yametawanyika, mtazamaji na aone nusu ya anga au zaidi ikiwa wazi.

Katika simuleta kubwa za mashirika ya ndege mambo haya hayaachiwi hiari ya mtu. Zile za daraja la juu kabisa hutakiwa kumwonyesha rubani nje kwa upana wa nyuzi 180 na kimo cha nyuzi 40. Mwalimu huweza kuweka ukungu wa mita 550 tu, akamtaka mwanafunzi ashuke hadi mita 60 juu ya kiwanja. Akifika hapo asipoziona taa, hana ruhusa ya kuendelea. Ni lazima apae tena.

ANGA LA KWETU

Kuna kosa jingine ambalo wachaguzi wengi hawalioni. Picha nyingi huundwa na watu wa Ulaya na Marekani, kwa kufuata anga la kwao. Huko magharibi ya kiangazi hukawia, na wekundu wa jua hudumu. Karibu na Ikweta jua hushuka wimawima, na baada ya kuchwa kwake mwanga wa kufaa hubaki dakika 20 na kidogo tu. Kijana aliyezoea machweo marefu ya kwenye kioo atashangaa giza litakapomfunika kabla hajafika Entebbe.

Vivyo hivyo mawingu ya radi. Katika nchi za joto vilele vyake huweza kupita mita 15,000, juu kuliko njia za ndege za abiria. Juu ya Ziwa Victoria dhoruba huja kwa wingi usiku na alfajiri, hewa itokayo nchi kavu pande zote inapokutana juu ya maji yenye uvuguvugu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyobeba watu 43 iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Wavuvi walikimbilia kwa mitumbwi kuokoa watu. Waliokufa walikuwa 19.

Basi mzazi amwonaye mwanawe akirusha ndege kwenye kioo asimkemee upesi kwamba anapoteza wakati. Na amwulize: wingu lile kitako chake ki kimo gani? Upeo wa macho uko wapi? Likifunga mbele, utageukia wapi? Kisha wote wawili watoke nje, walitazame anga la kweli lililo juu ya paa lao, na kulinganisha. Kijana atakayejibu kwamba atageuza mapema, angali akiiona njia aliyojia, amekwisha jifunza somo ambalo watu wale 20 wa Illinois walilikosa kwa wastani wa chini ya dakika tatu.