Mtoto wa mbwa akiharisha damu, usikimbilie dawa ya minyoo

Vijana wenzangu, mbwa anayelinda banda la kuku naye ni mtaji. Mtoto wa mbwa akigoma kula, akatapika na kuharisha damu yenye harufu kali, shuku parvo. Wengi tunasema "minyoo hiyo", siku mbili zinapita. Kumbe kinachomuua haraka ni kuishiwa maji. Vuta ngozi ya mgongoni: ikichelewa kurudi, hali ni mbaya. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo atundikiwe dripu. Antibayotiki haiui kirusi hiki. Kinga ni chanjo: ianze wiki ya 6 hadi 8, irudiwe mpaka wiki ya 16. Kirusi hukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo usilete mbwa mwingine pale kabla hajachanjwa.