Fedha za Daktari wa Shamba

Taifa linapompeleka kijana ng'ambo kujifunza udaktari ili arudi kuwahudumia watu wa shamba, limetoa ahadi mbili. Ya kwanza ni kwa kijana mwenyewe, kwamba atasomeshwa mpaka mwisho. Ya pili, nayo ndiyo kubwa zaidi, ni kwa wakulima na wafanyakazi wanaolipa kodi, kwamba siku moja watamkuta kijana huyo katika hospitali yao. Leo twapenda kuzungumza juu ya ahadi hizi na juu ya fedha zinazozishikilia, kwa kuutazama mfano wa ndugu zetu wa Afrika Kusini.

Ukaburu ulipoanguka mwaka 1994, nchi ile haikuwa na upungufu wa madaktari mijini. Upungufu ulikuwa mashambani, walikokaa wananchi waliodharauliwa kwa miaka mingi. Serikali ya Mzee Mandela ikaiendea Kuba, nchi ambayo baada ya mapinduzi ya 1959 ilikimbiwa na karibu nusu ya madaktari wake 6,000, ikawafundisha wengine, hata mwaka 1963 ikaweza kupeleka waganga Algeria. Mwaka 1996 madaktari wa Kuba wakaanza kuwasili Afrika Kusini. Mwaka uliofuata vijana wa Kiafrika kutoka katika jamaa maskini za mashambani wakaanza kwenda Kuba kusoma. Majimbo yao yaliwalipia, nao wakafunga mkataba wa kurudi kuyatumikia.

Safari hiyo ni ndefu. Mwanafunzi huanza kwa kujifunza lugha ya Kispaniola. Kisha husoma udaktari, akifuatana na walimu wake katika zahanati za mitaa na nyumba za watu, akifundishwa kuuzuia ugonjwa kabla ya kuutibu. Lakini Kuba haina kifua kikuu wala UKIMWI kwa wingi ulioko Afrika Kusini. Kwa hiyo hurudi kumalizia mafunzo kwao kwa muda wa karibu mwaka mmoja na nusu. Baada ya hapo hufanya kazi miaka miwili chini ya uangalizi wa wakubwa wake, na mwaka mmoja zaidi wa kulitumikia taifa. Mafunzo haya yote yana maana yake, kwani katika hospitali ya shamba hakuna bingwa wa kumwachia kazi. Mama akishindwa kujifungua usiku wa manane, daktari kijana ndiye atakiwaye kumpasua.

Hivyo daktari mmoja hupatikana baada ya miaka ipatayo 10, lakini bajeti hupangwa upya kila mwaka. Hapo ndipo penye shida. Mwaka 2012 iliamuliwa kwamba vijana wanaopelekwa Kuba waongezwe kutoka makumi hadi wapatao 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2013 baadhi ya wanafunzi waligoma wakisema kwamba posho ya dola 200 kwa mwezi haiwatoshi, na wengine wakarudishwa nyumbani. Mwaka 2018 wanafunzi zaidi ya 700 walirudi kwa pamoja, na vyuo vikahangaika kuwatafutia walimu na hospitali za kujifunzia. Hatimaye, mwanzoni mwa mwaka 2025, nchi hiyo ilihesabu madaktari wapatao 1,800 wasio na kazi, waliosoma ndani na nje. Si kwamba wagonjwa walikuwa wamekwisha. Mafungu ya mishahara ndiyo yaliyokwisha. Mwezi wa Aprili mwaka huo Waziri wa Afya, Bwana Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba madaktari 1,200 wataajiriwa. Habari hiyo ilikuwa njema, lakini haikuwatosha wote.

Wako wasemao kwamba kumsomesha kijana ng'ambo ni ghali, na kwamba heri fedha hizo zijenge vyuo vya nyumbani. Hoja hiyo ina nguvu, wala hatuipingi. Serikali yo yote ina haki ya kubadili mpango wake. Lakini mabadiliko hayo yawahusu wale ambao bado hawajapanda ndege. Aliyekwisha kupelekwa asipunguziwe posho akiwa katikati ya safari, kwani hakuna faida ya kumvusha mtu bahari kisha ukamwacha karibu na ufuko.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2018 Kenya ilipokea madaktari 100 kutoka Kuba na kupeleka huko madaktari wake 50 kusomea uganga wa jamaa. Mwaka 2023 mapatano yale yakakomeshwa. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na shina la ugomvi lilikuwa malipo ya madaktari walio mafunzoni: mkataba wa 2017 uliwapa zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, Serikali ikataka kuwapa 70,000. Nasi Tanganyika tulipojitawala mwaka 1961 tulikuwa na madaktari wananchi 12 tu. Twajua thamani ya kila mmoja.

Kwa maoni yetu, siku ile kijana anapotiwa sahihi mkataba wa kusomeshwa, nafasi yake ya kazi katika hospitali ya shamba nayo iandikwe, pamoja na fungu la mshahara wake. Mkataba humfunga kijana arudi. Hauna budi kuifunga na Serikali impokee. Kama sivyo, mkulima atakuwa amelipa nauli, karo na posho kwa miaka 10, na bado mkewe atabebwa usiku kwa machela kwenda kumtafuta daktari mjini, hali daktari aliyesomeshwa kwa jasho lake amekaa nyumbani akingoja barua ya kazi.