Michezo ya Kunusa na Mbwa: Hela Itoke Wapi, Ibaki Wapi

Kama uko Dar es Salaam na unataka kumchangamsha mbwa wako wikendi hii, usikimbilie duka la vifaa vya wanyama. Vingi vinavyouzwa kwa ajili ya michezo ya kunusa vina mbadala wa bei ya chini, na mbwa haoni tofauti.

Chukua mkeka wa kunusa, ule wenye vishada vya kuficha chakula. Mingi huagizwa nje. Bei unayoiona mtandaoni mara nyingi haijabeba usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 wala ada ya wakala. Badala yake tafuta zulia la mpira la mlangoni lenye matundu, pamoja na fulana zilizochakaa. Kata vipande vya urefu wa kiganja, vipitishe kwenye matundu, piga fundo. Kimoja kikichanika, unafunga kingine.

Lakini kama mbwa wako humeza nguo, achana na mikeka yote. Upasuaji wa kutoa kitambaa tumboni ni gharama usiyoitaka. Huyo mpangie maboksi matupu matano, uweke chakula ndani ya moja. Mwanzoni aone unapoweka. Akishazoea, ficha asione.

Kwa chambo, biskuti za mbwa hukaa muda mrefu ila harufu yake hafifu. Dagaa wa Mwanza wakavu wananukia zaidi na wapo kila soko. Wa shilingi 1,000 wanatosha kuanzia. Chukua wasio na chumvi. Wachekeche, maana walioanikwa chini hubeba mchanga, kisha waoshe, wachemshe kidogo na uwaanike tena. Wahesabu ndani ya mlo wake wa siku asije akanenepa. Mabaki ya mchuzi usiguse: vitunguu ni sumu kwa mbwa, sawa na chokoleti na zabibu kavu.

Hela yako itoke kwa ajili ya kamba ya kumshikia mbwa akinusa nje. Ile inayojivuta yenyewe ndani ya kasha ni ghali, na springi ikikatika ndiyo basi. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue mkanda bapa wa nailoni wa kufungia mizigo, mita 10, na kulabu ya chuma. Fundi viatu atakushonea. Kamba nyembamba ya mviringo ina bei nafuu zaidi, lakini mbwa akichomoka ghafla itakuchana kiganja. Ongeza mshipi wa kifuani, hapo usibane matumizi: kamba ndefu ikifungwa shingoni, akikimbia mpaka mwisho wake ataumia koo.

Ukishakuwa na kamba, funga kipande cha utumbo kwenye uzi, kiburute kwenye nyasi hatua 30, acha zawadi mwisho wa njia, kisha mlete anuse. Asubuhi yenye umande harufu hukaa vizuri.

Ufukweni, kama Coco Beach, gharama iko barabarani. Madereva wengine wa bajaji hukataa mbwa, wengine huongeza nauli, kwa hiyo patana ya kwenda na kurudi kabla hujapanda. Beba maji ya kunywa; ya bahari yatamtapisha na kumharisha. Ondokeni kabla jua halijapanda, mchanga huunguza nyayo. Na watu wakipita fupisha kamba: wengi hawataki kuguswa na mate ya mbwa, na ni haki yao.

Kiwanja cha nyasi cha mtaani hakina nauli, ila kina kupe, na kupe huleta magonjwa ya damu ambayo gharama ya tiba yake inazidi sana ya kinga. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni rahisi, lakini ukikosea kipimo unamwekea sumu. Matone ya mgongoni yana bei zaidi. Mengi hudumu kama mwezi. Mimi ningelipia matone, kwa kipimo cha uzito wake, bila kugawa dozi ya mbwa mkubwa kwa wadogo wawili.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima kabla hajakutana na wenzake. Kabla ya kulipa kliniki, ulizia ofisi ya mifugo ya manispaa yako: kampeni za chanjo za bure hufanyika hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.