Mtama Wenye Rangi Isiyokaa

Apitaye Kware, mtaa ule wa Embakasi mashariki ya Nairobi, ataona wekundu na manjano juu ya meza za mama mboga, katika karoti, mapapai na viazi vitamu, wala hataiona rangi hiyo katika gorogoro ya mahindi meupe au mtama ipelekwayo kinuni. Na kwa kuwa ugali ndio ushibishao watu kila siku, hasa mwisho wa mwezi ambapo mboga hupungua sahanini, hapo ndipo ilipo asili ya mas'ala haya.

Miongoni mwa rangi hizo imo betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho ya mtoto na nguvu yake dhidi ya maradhi. Sukuma wiki nayo inayo tele, ijapokuwa ukijani wake huificha. Punje ya mtama mweupe inayo haba mno. Si kwamba mmea haujui kuitengeneza, maana majani huitengeneza daima, bali ndani ya punje kazi hiyo haitimii.

Mwaka 2005 taasisi ya Africa Harvest, ikiongozwa na Daktari Florence Wambugu, iliingia katika mradi wa kuondoa upungufu huo pamoja na kampuni ya mbegu ya Pioneer na watafiti wa Kenya, na mtama uliotokana nao ukajaribiwa katika shamba lenye ulinzi huko Kiboko, Makueni, kando ya barabara ya Mombasa. Ulitiwa jeni ya mahindi ianzishayo kazi ya rangi, na jeni ya bakteria iiendelezayo.

Rangi ikapatikana, walakini haikukaa. Betakarotini huliwa na hewa kama chuma kiliwavyo na kutu, na katika punje zilizohifadhiwa nusu yake ilipotea kabla ya majuma manne kwisha. Ndipo wataalamu walipoongeza jeni ya shayiri izidishayo vitamini E, ambayo huikinga rangi na hewa, na muda ule ukafika wastani wa majuma 10, kama walivyotangaza mwaka 2016. Kwangu mimi hiyo ndiyo hikima kubwa ya kazi yote, maana nafaka ifikayo Kware imekwisha kupita kwa mkulima, dalali, mwenye lori na mchuuzi.

Serikali ya Kenya ilizuia kuingiza nchini vyakula vilivyotiwa jeni namna hii Novemba 2012, ikaondoa marufuku hayo Oktoba 2022, na mashauri yakafuata mahakamani. Mtama wenyewe haujafika sokoni. Watu wana haki kamili ya kuuliza juu ya usalama wake na bei ya mbegu. Lakini natamani sana kwamba mwenye kinu naye aulizwe mapema, nafaka hukaa kwake siku ngapi na unga hukaa nyumbani siku ngapi, kwa sababu majuma yale 10 yalipimwa katika punje nzima, na unga, ambao hewa huugusa pande zote, hupoteza rangi upesi zaidi.