Kura na Tunzo: Juu ya Neno Moja la Mashindano ya Kuimba

Yako maneno katika lugha yetu yanayobadili kazi bila kubadili sura, hata watu wawili huweza kulitamka neno lile lile na kugombana, wala kila mmoja asitambue kwamba mwenzake asema jambo jingine. Kura ni moja la maneno hayo. Nia ya makala haya ni kulieleza kwa namna litumikavyo katika mashindano ya kuimba ya televisheni, ambamo watazamaji huombwa kumchagua mshindi kwa simu. Mifano mingine nimeipata Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, nilikokuwa nikikusanya maneno ya Kinyambo.

Asili ya neno ni Kiarabu, qur'a, nalo hapo kwanza halikuwa na maana ya uchaguzi. Lilikuwa ni jina la kile kitupwacho au kivutwacho ili bahati iamue, pasiwe na upendeleo wa mtu. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilitumia hivyo: Mathiya aliposhika nafasi ya Yuda, alipatikana kwa kura, wala hakuna watu waliohesabiwa. Yafaa kutazama majirani pia. Baganda husema kukuba akalulu, yaani kupiga kura, na akalulu yao ni ya bahati na ya uchaguzi pia. Banyankole, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kinyambo, wana akaruru. Waarabu wenyewe, wanapochagua watu, husema sawt, ambayo kwetu ni sauti. Mwimbaji wao, basi, hutoa sauti na kupokea sauti.

Maana ya pili, ya uchaguzi, ilileta sharti jipya: mtu mmoja, kura moja. Sharti hili mkulima wa kahawa wa Karagwe halihitaji kufundishwa. Katika chama chake cha ushirika hupita penye hesabu mbili. Kwenye mizani, kila kilo ina thamani yake, na aliyeleta magunia ishirini hulipwa kuliko aliyeleta mawili. Lakini siku ya mkutano mkuu, wa magunia ishirini na wa mawili huinua mkono mmoja mmoja. Hakuna achanganyaye hesabu hizi. Na kama mtu angetaka mikono ihesabiwe kwa kilo, angezomewa.

Sasa twaja kwenye maana ya tatu. Katika mashindano haya, kwa kawaida, kura ni ujumbe wa simu unaolipiwa, na mtu mmoja aweza kutuma kumi, hamsini au mia. Kinachohesabiwa si watu, ni ujumbe. Na kwa kuwa kila ujumbe una bei, kinachohesabiwa hasa ni shilingi. Hii ni hesabu ya mizani iliyovikwa jina la hesabu ya mkutano. Naona kwamba malalamiko mengi juu ya haki ya mashindano haya yatoka hapo, wala si katika wizi wa kura, ingawa wizi nao umepata kutokea. Huko Uingereza, mwaka 2008, kampuni ya televisheni ya ITV ilitozwa faini ya pauni 5,675,000 kwa makosa ya simu za kulipia. Katika shindano lake moja la kuimba, Soapstar Superstar, watayarishaji walikuwa wameziacha kura za watazamaji katika kuchagua nyimbo za kuimbwa.

Wengi hudhani kwamba nchi yenye watu wengi ndiyo ishindayo. Shindano la Tusker Project Fame, lililofanywa mara sita tangu 2006 hata 2013, halikubaliani nao. Kenya ilishinda mara mbili, kwa Valerie Kimani (2006) na Ruth Matete (2012). Uganda mara mbili, kwa Esther Nabaasa (2008) na Davis Ntare (2010). Rwanda mara moja, kwa Alpha Rwirangira (2009). Na Burundi mara moja, kwa Hope Irakoze (2013). Tanzania, ambayo sensa ya 2012 ilihesabu watu wake kuwa karibu milioni 45, haikushinda hata mara moja. Rwanda mwaka ule ule ilikuwa na milioni 10 na nusu. Sisemi kwamba Rwirangira hakustahili, maana alikuwa mwimbaji hodari. Nasema tu kwamba wingi wa watu si wingi wa ujumbe.

Na ujumbe hautoki kila mahali kwa urahisi ule ule. Pale Murongo, wilayani Kyerwa (wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012), mto Kagera ndio mpaka, na Uganda i ng'ambo. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo, namba fupi ya Tanzania kwa kawaida haipatikani. Tena kuna majira: fedha huingia nyumbani kahawa inapouzwa, na fainali haingoji mavuno.

Mzee mmoja wa Kayanga, nilipomweleza mambo haya, aliniuliza, "Mwalimu, kama nanunua, mbona waniambia nachagua?" Sikuwa na jibu siku ile. Nalipata baadaye, katika desturi ya pwani. Katika taarabu msikilizaji aliyependezwa huinuka, akamwendea mwimbaji, akampa fedha, na akitaka hurudi tena na tena. Huko ndiko kutuza, au kama wengine wasemavyo kutunza, na kitolewacho ni tunzo. Sijapata kusikia mtu akilalamika kwamba tajiri ametunza zaidi, kwa sababu hakuna adaiye kwamba fedha zile zimeamua nani aimbaye vizuri kupita wote. Ujumbe wa simu ni tunzo. Ukiitwa hivyo ugomvi mwingi hupungua. Ukiitwa kura, huyu wa Murongo ana haki ya kuuliza yake imekwenda wapi.

Itasemwa kwamba neno tu halitoshi, na ni kweli, kwa maana mshindi hupewa mali halisi: Walter Chilambo, aliyeshinda Bongo Star Search mwaka 2012, alipewa shilingi milioni 50. Wengine wamejaribu dawa. Nilipokuwa masomoni Ulaya niliona katika Eurovision kwamba mtu hawezi kuipigia nchi yake, na tangu 2009 majaji walirudishiwa nusu ya uamuzi katika fainali, baada ya manung'uniko kwamba majirani hupeana kura. Dawa hiyo hupunguza nguvu ya fedha, lakini huleta swali la nani amewachagua majaji. Mimi ningependa jambo dogo zaidi, lisilo na gharama kubwa kwa wenye mitambo: usiku wa fainali zitangazwe hesabu mbili, ya ujumbe wote uliopokewa na ya namba za simu zilizoutuma, kila mshindani na zake. Ya kwanza iitwe tunzo. Ya pili, ijapokuwa mtu mmoja aweza kuwa na namba mbili au tatu, yakaribia kustahili kuitwa kura.