Jitoe kwenye 1,266,860 uone kitakachobaki

Toa simu, fungua kalkuleta, andika 1,266,860. Hiyo ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa Kaunti ya Kisii katika sensa ya 2019. Kama usiku wa Agosti 24 mwaka huo ulilala Suneka, Ogembo au Nyanchwa, basi umo humo ndani.

Sasa igawe. Kwa 2, inakubali. Kwa 4, kwa 5, kwa 7, inakubali bila baki. Endelea kuivunja hadi ushindwe, utapata 2 × 2 × 5 × 7 × 9,049. Hiyo ya mwisho usijisumbue nayo. Ni nambari tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. (Mimi niliihakikisha kwa kalamu na chai ikapoa.)

Haya, jitoe. Tuseme karani wa sensa hakukupata. Tunabaki na 1,266,859. Jaribu 2: wapi! 5, 7, 9,049: zote zinaacha baki. Na si Kisii pekee. Nambari zozote mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, kwa sababu kinachogawa zote mbili lazima kigawe pia tofauti yao, na tofauti yenyewe ni mtu mmoja. Wewe.

Twende Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimeuvutania kwa sababu ya mpaka na ushuru. Nyamira ilikuwa na watu 605,576, yaani 2 × 2 × 2 × 59 × 1,283. (Wanaume wa Kisii peke yao ni 605,784, wanaizidi Nyamira nzima kwa watu 208 tu!) Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala. Kwa hivyo kama usiku ule ungelala kwa shangazi upande wa Nyamira, Nyamira ingekuwa 605,577. Vigawo vyake vya zamani vyote vinatoroka, 1 tu inabaki, na ghafla inagawanyika kwa 3. Jumla ya kaunti hizo mbili haitikisiki, ni 1,872,436 vilevile. Lakini idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vya kugawia kaunti pesa, kwa hivyo kule kulala kwa shangazi si mchezo.

Kuna hesabu moja zaidi. Jumlisha wanaume wa Kisii, 605,784, na wanawake, 661,054. Unapata 1,266,838. Haifiki! Rudia ukitaka, kalkuleta haina kosa.

Wanaokosekana ni 22, nao ni huntha, watu waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja. Nyamira walikuwa 13. Katika 1,266,838, ile 5 haiingii, 7 haiingii, 9,049 haiingii. Warudishe hao 22, zote zinaingia.

Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu kivyao. Kabla ya hapo, karani alikuwa na majibu mawili tu ya kuandika: mume au mke.